Nyaya za Mtandao katika Ofisi ya Chama: Kuzitandaza, Kuzipanga na Kuzipokea



Masomo mengi ya ukurasa huu huhusu daftari, mizani na ghala. Safari hii tunaingia mahali ambapo makatibu wengi hawapendi kuingia, yaani nyuma ya mlango wa ofisi, pale zinaponing'inia nyaya za kompyuta.

Niliwahi kuitwa na chama kimoja cha msingi katika miteremko ya kusini ya Mlima Meru. Ilikuwa siku ya malipo ya kahawa. Wakulima walikuwa wameketi barazani tangu asubuhi, wengine wameshuka kwa miguu kutoka mashamba ya juu yapakanayo na msitu, na kompyuta ya kaunta haikuweza kufungua orodha ya malipo. Katibu Meneja alipiga simu kwa kampuni inayouza intaneti, akajibiwa kwamba njia ni nzima hadi kwenye jengo. Akamtafuta fundi aliyefunga nyaya za ndani; fundi alikwisha hamia mkoa mwingine na simu yake haikupatikana. Nilipofika nilikuta nyaya 16, zote za kijivu, zimefungwa pamoja kama mzigo wa kuni, wala hapakuwa na hata mmoja wenye alama. Tukazifuata darini moja baada ya moja kwa tochi. Saa tisa alasiri ndipo tulipogundua kwamba waya wa kaunta ulikuwa umebanwa chini ya mguu wa kabati la chuma lililosogezwa siku chache kabla ili kupisha magunia. Wazee walikuwa wamekwisha rudi makwao mikono mitupu.

Chama kile kilikuwa kimelipia kazi ya nyaya kikamilifu, na hati ya malipo imo katika faili. Hata hivyo sehemu kubwa ya kile kilichonunuliwa ilibaki kichwani mwa fundi, naye akaondoka nayo. Somo hili limekusudiwa kumsaidia Katibu, ambaye si fundi wala hana haja ya kuwa fundi, ajue anachonunua, akikague, na akipokee kwa niaba ya wanachama.

Mpaka wa mali ya chama

Kwanza hapana budi tujue mtandao unatoka wapi. Intaneti tunayotumia Arusha hufika nchini hasa kwa nyaya kubwa zilizolazwa chini ya bahari. SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, na EASSy ukafuata mwaka 2010. Kutoka pwani mawasiliano husafiri kwa Mkongo wa Taifa, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 2009 na ambao umefika mikoani na hata mpakani Namanga. Kisha kampuni huvuta waya wake kutoka barabarani, juu ya nguzo au chini ya ardhi, hadi kwenye kisanduku kidogo kilichobandikwa ukutani mwa ofisi yetu.

Kisanduku hicho ndicho mpaka. Kabla yake ni mali na wajibu wa kampuni. Baada yake ni mali na wajibu wa chama. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini, upande wa kusini mwa Afrika, na nchi yetu ilikuwa miongoni mwa zilizoathirika sana. Siku ile Katibu hakuwa na la kufanya ila kusubiri. Lakini siku ya malipo niliyoisimulia hapo juu bahari ilikuwa shwari. Kosa lilikuwa hatua sita kutoka kwenye kiti chake. Katibu asiyeujua mpaka huu atamlaumu asiyehusika na kumsubiri asiyekuja. Njia ya kuujua ni nyepesi: chukua kompyuta ya mkononi, ichomeke moja kwa moja kwenye ruta iliyo kando ya kisanduku cha kampuni. Ikipata intaneti, ugonjwa umo ndani ya nyumba.

Waya wa shaba na siri ya msokoto

Waya wa kawaida wa mtandao una nyuzi 8 za shaba ndani ya ganda moja. Nyuzi hizo zimesokotwa mbilimbili, zikawa jozi 4: ya machungwa, ya kijani, ya buluu na ya kahawia. Katika kila jozi mmoja una rangi kamili na mwenzake ni mweupe wenye mstari wa rangi hiyo. Msokoto huo si pambo. Habari husafiri katika jozi kwa umeme mdogo sana, na kelele ya umeme inayotoka nje, kwa mfano kwenye taa au pampu, huzipata nyuzi zote mbili sawasawa; chombo kilicho mwishoni hupima tofauti kati ya hizo mbili, na kwa kuwa kelele ni sawa pande zote, hujifuta yenyewe. Fundi akiufungua msokoto kwa urefu, kinga hiyo inapotea. Kanuni ni kwamba msokoto usifunguliwe kupita milimita 13 pale unapoingia kwenye plagi au soketi, yaani kama upana wa kidole kidogo. Nimeona soketi zilizofunguliwa nyuma, nyuzi zimenyooshwa urefu wa kidole kizima, na mwenye ofisi amekuwa akilalamikia mwendo mdogo wa mtandao kwa miaka.

Lipo kosa jingine lililojificha zaidi, nalo nataka tulikalie kidogo. Plagi ina matundu 8. Mpangilio unaotumiwa sana ni huu, kuanzia tundu la 1: mweupe-machungwa, machungwa, mweupe-kijani, buluu, mweupe-buluu, kijani, mweupe-kahawia, kahawia. Tazama kwamba jozi ya kijani imegawanyika: mmoja uko tundu la 3 na mwenzake tundu la 6, na buluu imekaa katikati. Fundi asiyejua sababu huona jambo hili kama fujo, akazipanga jozi kwa kufuatana ili zipendeze. Akifanya hivyo pande zote mbili za waya, kile kipimaji kidogo chenye taa 8 kitawaka taa zote kwa utaratibu, na fundi ataapa kwamba kazi ni safi. Taa zile husema tu kwamba uzi fulani umefika upande wa pili. Hazisemi kwamba tundu la 3 na la 6, yanayofanya kazi pamoja, sasa yametumia nyuzi kutoka jozi mbili tofauti zisizosokotwa pamoja. Waya kama huo aghalabu hufanya kazi kwa umbali mfupi, kisha huanza kukatakata pale kazi inapokuwa nyingi, yaani siku za malipo. Katibu aweza kulikagua kosa hili kwa macho yake mwenyewe, kwa kuwa plagi ni ya plastiki angavu na rangi huonekana.

Kuhusu daraja, ganda la waya huandikwa "CAT" na namba. Daraja la 5e hupitisha gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100, nalo latosha kwa kazi za ofisi ya chama cha msingi. Daraja la 6 hufanya hivyo pia, na katika umbali usiozidi mita 55 au hivi laweza kufikisha gigabiti 10. Anayejenga ofisi mpya leo na achague la 6, maana gharama kubwa ni ya kuvuta waya kuliko ya waya wenyewe. Daraja lolote lile, mita 100 ndizo kikomo: mita 90 za waya uliolazwa ukutani, na mita 10 za nyaya fupi za kuchomekea kabatini na mezani. Hesabu waya unavyopanda darini na kushuka, si kwa hatua za sakafuni.

Sasa jambo la fedha. Madukani zipo nyaya ambazo nyuzi zake ni za alumini iliyopakwa shaba juu. Ni rahisi kwa bei na ni nyepesi kwa uzito. Alumini hupitisha umeme kwa shida zaidi kuliko shaba, huvunjika ikikunjwa mara chache, na hupata moto zaidi pale waya huohuo unapotumika kulisha kamera kwa umeme. Kwangulia uzi mmoja kwa wembe: shaba halisi ni nyekundu hadi ndani, alumini huonyesha weupe. Katika mkataba iandikwe wazi "shaba tupu", na boksi la kwanza likifunguliwa mjumbe mmoja wa Bodi awepo na wembe wake.

Njia ya kupitishia

Ofisi nyingi za vyama vyetu, na hata majengo makubwa ya mjini, zilijengwa kabla ya kompyuta kufikiriwa. Jengo la AICC lenyewe, lenye mabawa yake matatu ya Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro, lilikusudiwa kuwa makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, iliyovunjika mwaka 1977. Mashine ya ofisi ya siku zile ilikuwa taipureta. Kwa hiyo karibu kila mahali nyaya hutafutiwa njia baada ya nyumba kukamilika, na hapo ndipo uvivu huingia.

Waya wa mtandao usilazwe bega kwa bega na waya wa umeme wa nyumba. Uachwe nafasi ya sentimita 20 hadi 30, na pale ambapo hapana budi zikutane, zikatane kwa pembe mraba. Usipite juu ya taa za mirija. Usivutwe kwa nguvu za watu wawili, kwa maana kikomo ni mvuto wa uzito wa kilo 11 hivi. Ukivutwa zaidi msokoto wa ndani huharibika ilhali ganda linaonekana zima. Usikunjwe kwa pembe kali. Chini ya bati la Kisongo au Ngaramtoni joto la mchana ni kali, nalo hudhoofisha habari ndani ya shaba. Basi waya upite chini, karibu na silingibodi, usigusane na bati. Upande wa Tengeru na Usa River, ambako mvua ni nyingi zaidi, adui ni maji: pale waya unapoingia kutoka nje upinde kwanza chini kama shingo ya bata, ndipo upande na kuingia ukutani, ili matone yadondoke nje badala ya kuufuata ndani. Na kila ofisi iliyo jirani na ghala la mahindi ina panya. Panya hali waya kwa njaa, hunoa meno. Dawa yake ni bomba la kondiuti kutoka mwanzo hadi mwisho, si nusu ya njia.

Kwa kila meza ziwekwe soketi 2 hata kama kompyuta ni moja. Mashine ya risiti, simu ya mezani au kompyuta ya mkaguzi wa COASCO itakuja kuitaka ile ya pili.

Ghala lililo ng'ambo ya uwanja

Vyama vingi vina ofisi upande mmoja na ghala au kiwanda cha kumenyea kahawa upande wa pili. Katibu hutaka mizani ya ghalani isomeke ofisini, na fundi huchukua waya wa shaba akauning'iniza kati ya mapaa mawili. Msifanye hivyo. Umbali waweza kupita mita 100. Na hata usipopita, milimani kwetu radi si mgeni. Radi ikipiga karibu, waya wa shaba uliounganisha majengo mawili huwa njia ya umeme kuingia katika yote mawili, ukaunguza swichi, ruta na kompyuta kwa dakika moja.

Hapa ndipo mahali pa faiba, yaani nyuzi za kioo. Kioo hakipitishi umeme, hupitisha mwanga. Mwaka 1966 Charles Kao, akifanya kazi Uingereza pamoja na George Hockham, alieleza kwamba kioo kilishindwa kupeleka mwanga mbali kwa sababu ya uchafu uliomo ndani yake, wala si kwa sababu ya kioo chenyewe. Mwaka 1970 kampuni ya Corning ya Marekani ikapata uzi ambao baada ya kilomita 1 ulibakiza zaidi ya sehemu 1 katika 100 ya mwanga, nao ulihesabiwa kuwa ushindi mkubwa. Uzi wa leo hubakiza sehemu 95 kwa umbali huohuo. Kao alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2009, mwaka uleule SEACOM ulipotua Dar es Salaam.

Uzi wa faiba una unene wa mikroni 125, yaani kama sehemu ya nane ya milimita, na mwanga hupita katika kiini cha mikroni 9 tu. Fikiri basi chembe moja ya vumbi letu la volkano ikikaa mbele ya kiini hicho. Ndiyo sababu kila ncha ya faiba ina kofia yake, isiyoondolewa mpaka dakika ya kuchomeka, na ndiyo sababu fundi mwema hufuta ncha kila anapoichomoa, hata aliyoifuta jana. Plagi za kijani zimechongwa kwa mshazari kidogo na za buluu zimechongwa wima. Usichomeke ya kijani katika tundu la buluu, kwa kuwa zitaingia lakini nyuso zake hazitakutana, na zaweza kuharibiana. Faiba isikunjwe kwa duara dogo: kipimo salama ni duara ambalo kutoka kitovu hadi ukingo wake ni mara 10 ya unene wa kebo, na mara 20 wakati wa kuivuta. Mwanga wake hauonekani kwa macho, kwa hiyo mtu asichungulie ncha kwa udadisi. Vipande vilivyokatwa vitiwe chupani, visitupwe sakafuni. Kipande kikiingia chini ya ngozi ni taabu kukitoa.

Onyo moja tena. Kebo nyingi za faiba za kuning'iniza zina waya wa chuma wa kuzibebea. Kati ya ofisi na ghala agizeni isiyo na chuma chochote, vinginevyo radi imerudishiwa njia yake.

Kabati

Kabati la mtandao liwekwe mahali pakavu, penye kupitisha hewa, lenye kufuli, si jikoni wala chini ya ngazi panapowekwa ndoo. Liunganishwe na waya wa ardhi, ule ambao mafundi huuita ethi. Ndani yake nyaya zote za ukutani huishia kwenye bodi ya kuunganishia, wala hazichomekwi moja kwa moja kwenye swichi. Kutoka bodi hadi swichi hutumika nyaya fupi. Faida yake ni kwamba waya wa ukutani, ambao ni ghali kuubadili, haushikwishikwi kamwe. Unaochoka ni ule mfupi, nao hubadilishwa na Katibu mwenyewe.

Nyaya zifungwe kwa utepe wa kunatana, si kwa vifungo vya plastiki vinavyokazwa hadi ganda linabonyea. Iachwe akiba ya mita moja au mbili, ipangwe kwa duara pana. Na kila waya uwe na alama pande zote mbili, namba ileile kabatini na kwenye soketi. Mnisamehe nikisema kwamba nimechoka kuambiwa "tutaweka alama baadaye". Kuweka alama katika nyaya 16 siku ya kuzivuta ni kazi ya nusu saa. Kuzitafuta baadaye ni kazi ya mchana kutwa, na mmekwisha ona ni mchana wa nani.

Kupokea kazi

Fundi akisema amemaliza, Katibu asitie sahihi bado. Kwanza apewe mchoro wa jengo unaoonyesha njia ya kila waya na namba yake. Pili apewe matokeo ya vipimo, waya kwa waya, yaliyochapwa kutoka kwenye mashine inayopima urefu, upotevu na kelele, si kile kipimaji cha taa. Mashine hiyo ni ghali na fundi mdogo hanayo, lakini aweza kuikodi, na gharama hiyo iandikwe katika zabuni tangu mwanzo. Kwa faiba, apewe upotevu wa mwanga wa kila uzi. Kiungo kilichoyeyushwa vizuri hakipotezi zaidi ya desibeli 0.1. Tatu apewe nywila za ruta na swichi ndani ya bahasha, zibadilishwe siku hiyohiyo, na bahasha ifungiwe katika sanduku la fedha. Nne, mkataba uzuie sehemu ya malipo hadi mtandao ufanye kazi msimu mmoja. TCRA hutoa leseni kwa wanaofunga na kutengeneza vifaa vya mawasiliano. Ulizeni leseni hiyo kabla ya kuulizana bei.

Mchoro na orodha ya nyaya viingizwe katika daftari la mali ya chama, kama vile mizani na meza zilivyoingizwa. Tangu Tume ya Maendeleo ya Ushirika ilete mfumo wa MUVU, taarifa za chama hupitia katika nyaya hizi. Si haki ziwe mali pekee ya chama isiyo na namba. Kila waya unapohamishwa, daftari lisahihishwe siku hiyo na aliyeuhamisha atie sahihi.

Maswali ya kujadiliwa na Bodi pamoja na wanachama

1. Mtandao wa chama chenu ukikatika kesho saa mbili asubuhi, nani atajua kwa muda wa robo saa kama kosa liko ndani au nje ya mpaka?

2. Fungueni kabati, au kama hakuna kabati, nendeni nyuma ya mlango. Ni nyaya ngapi zina alama pande zote mbili? Ni ngapi hakuna ajuaye ziendako?

3. Mchoro wa nyaya za chama uko wapi? Kama haupo, gawaneni kazi: vijana wawili wapande darini, mmoja achore, na Katibu aulete mchoro huo katika mkutano ujao wa Bodi.

4. Ofisi na ghala zimeunganishwa kwa waya gani, na waya huo una chuma ndani yake?